Kabla Hujamtafuta Daktari Bingwa

Kiuno kikianza kumsumbua mtu siku hizi, mara nyingi huwa ameshajipa jibu kabla hajafika hospitali: ni figo. Anampigia ndugu yake simu, ndugu anamtajia bingwa wa figo anayeingia jioni kwenye hospitali fulani ya binafsi, naye anakwenda. Analipia kumwona daktari, analipia vipimo vya damu, analipia ultrasaundi. Mwisho anaambiwa figo ni nzima, kinachouma ni misuli ya mgongo. Pesa imekwenda, na bado anatoka na shaka kwamba pengine hakupimwa sawasawa.

Huyo ana nafuu. Wa kuhurumiwa ni yule mwenye ugonjwa mkubwa kweli, aliyeingia mlango usio wake akakaa humo miezi, huku ugonjwa ukiendelea na safari yake. Nimewasindikiza wagonjwa wa ukoo wetu kwenye kliniki za rufaa kwa miaka mingi, na habari za namna hiyo ndizo zinazosimuliwa zaidi kwenye mabenchi ya kusubiria. Watu wanafahamu kwamba mabingwa wapo. Kinachowatatiza ni nani anahusika na nini, na aonwe wakati gani.

Ninachotaka kumwambia msomaji ni hiki: usimchague daktari kwa kufuata mahali panapouma. Anza kwa daktari anayeuangalia mwili mzima, umweleze habari yako yote, yeye ndiye akuelekeze. Nawe uyajue matawi ya udaktari kiasi cha kuweza kumuuliza maswali ya maana, na kiasi cha kugutuka pale safari inapopotea.

Tuanze na nani ni nani. Kwenye zahanati, anayekupima mara nyingi ni tabibu, aliyesomea stashahada kwa miaka 3. Kenya wanamwita afisa wa kliniki. Wote tunamwita daktari, na kwa malaria, nimonia ya mtoto au kidonda kilichooza anaijua kazi yake vizuri. Anayefuata ni daktari mwenye shahada: miaka 5 chuoni, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini chini ya uangalizi. Bingwa ni daktari huyohuyo aliyerudi darasani na wodini miaka 3 au 4 zaidi kusomea tawi moja, pale Muhimbili, KCMC, Bugando, Dodoma au kwingineko. Wapo na mabingwa wabobezi, ambao baada ya ubingwa waliongeza miaka mingine kwenye kiungo kimoja au kundi moja la magonjwa. Bingwa wa figo, kwa mfano, alikuwa kwanza bingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto. Hakuanzia kwenye figo.

Jambo hili lina faida kwako moja kwa moja. Bingwa wa magonjwa ya ndani, yule ambaye watu wengi humpita wakimkimbilia mtu wa moyo au wa figo, ndiye aliyefundishwa moyo, figo, ini, mapafu, sukari na damu kwa pamoja. Mtu mzima mwenye ugonjwa usioeleweka, anayekonda, anayechoka, mwenye homa isiyokoma, kwake ndipo pa kuanzia. Tangu mwaka 2024, wale wanaojulikana kama Madaktari Bingwa wa Mama Samia wamekuwa wakizungukia hospitali za halmashauri Tanzania Bara, na angalia matawi yanayopewa nafasi ya mbele katika safari hizo: magonjwa ya ndani, watoto, wanawake na uzazi, upasuaji, na usingizi na ganzi. Hilo ndilo shina. Mengine yote yamechipua hapo, na wilaya isiyo na bingwa hata mmoja wa masikio itaokoa watu wengi ikiwa na hao.

Kuna kisa kilichotokea Afrika Mashariki ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Halikuwa jipu, na saratani haina kawaida ya kushika pembe nne za taya kwa mpigo. Muda si mrefu, akiwa Jinja, Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Safari hii akapapasa na tumbo, akakuta uvimbe mwingine ndani. Hapo ndipo alipoanza kuwaza kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, ambavyo vilikuwa vinaandikwa kwenye mafaili kama magonjwa mawili, ni ugonjwa mmoja. Akachapisha maelezo yake mwaka 1958. Mwaka 1961 akafunga safari ndefu kwa gari na wenzake wawili, kutoka Uganda kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, na ikaonekana ugonjwa ule unafuata nchi za joto na mvua, zilezile zenye malaria nyingi. Mwaka 1964, katika chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda hadi London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakagundua kirusi ambacho hadi leo kinaitwa kwa majina ya wawili wa kwanza.

Tazama ni watu wa matawi mangapi walihitajika: daktari aliyeshindwa na mgonjwa wake akaomba msaada, mpasuaji, wanapatholojia waliosoma nyama kwa darubini, na watu wa virusi. Na mpasuaji mwenyewe ndiye aliyekiri kwamba kisu hakiufai ugonjwa huu. Unatibiwa kwa dawa za sindano za saratani. Nao husikia dawa kuliko saratani nyingi, mradi mtoto afike mapema, kwa sababu unakua kwa kasi ya kutisha.

Leo mtoto kama huyo anapelekwa wapi kwanza? Kwa daktari wa meno, kwa sababu meno yanalegea na shavu limevimba. Si kosa kuanzia huko. Kosa linakuja jino likishang'olewa, uvimbe usipungue, kisha likang'olewa la pili, na la tatu. Mtoto akivimba taya na uvimbe ukaongezeka ndani ya siku chache, au jicho likaanza kusukumwa nje, au tumbo nalo likajaa, usikubali jino la pili ling'olewe kabla hakijachukuliwa kinyama cha kupimwa. Omba rufaa siku hiyohiyo kwenda hospitali inayotibu saratani za watoto: Muhimbili, Bugando na KCMC kwa Tanzania, Kenyatta ya Nairobi au Hospitali ya Moi ya Eldoret kwa Kenya, na Kampala, Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967 palepale Mulago ikianza na watoto wa aina hii.

Mfano wa pili unawapata watoto wengi zaidi. Mtoto wa shule anaumwa koo, anakunywa dawa siku mbili, koo linapoa, dawa inaachwa. Wiki 2 au 3 baadaye goti linavimba na kuuma, linaachia, linashika la pili, kisha kifundo cha mguu. Mama anampeleka kwa watu wa mifupa, anapigwa picha, mfupa hauna kitu. Maumivu yanakwisha yenyewe na wote wanasahau. Miaka inapita, na mtoto yuleyule anashindwa kukimbia na wenzake, anakohoa usiku akilala chali, miguu inavimba. Sasa yuko kwa bingwa wa moyo, milango ya moyo imeshaharibika. Koo, magoti na moyo vilikuwa habari moja: bakteria wa koo waliuchochea mwili ukajishambulia wenyewe. Daktari angeunganisha koo na magoti mapema, mtoto angewekwa kwenye sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka kadhaa, na moyo wake ungepata kinga. Wengi wa wanaofunguliwa vifua kubadilishiwa milango ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na hospitali nyingine za ukanda wetu walianzia kwenye koo.

Kwa hiyo unapokwenda kwa daktari, yeyote yule, usimweleze ya leo tu. Mweleze na ya miezi iliyopita, hata kama unaona hayahusiani. Yeye ndiye atakayejua kama yanahusiana.

Sasa niseme juu ya milango inayochanganya watu kila siku. Mingi inachanganya kwa sababu kiungo kimoja kina madaktari wawili: mmoja anatibu kwa dawa, mwingine kwa kisu.

Figo ndizo zinazoongoza. Bingwa wa figo hafanyi upasuaji. Yeye ni wa figo zinazoshindwa kuchuja: uso unaovimba asubuhi, mkojo wenye povu lisiloisha, presha kwa kijana mdogo, sukari iliyokaa miaka mingi, na wale wanaosafishwa damu kwa mashine. Mawe, hata yakiwa ndani ya figo yenyewe, na mkojo unaogoma kutoka, na tezi dume, ni vya bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo. Mzee anayeamka mara nne usiku na mkojo unamtoka kwa kukatikakatika aende huko, wala asione haya ya kipimo cha kidole, maana kinachukua dakika chache na kinaweza kumwongezea miaka. Mkojo wenye damu usiouma ndio usiongoje kabisa, hata ukionekana mara moja ukapotea. Kupandikiza figo kunawahitaji wote wawili pamoja. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini mwezi Novemba 2017.

Mifupa nayo. Daktari bingwa wa mifupa ni mpasuaji: mvunjiko, nyonga iliyokwisha, mguu wa mtoto uliopinda. Lakini mama wa miaka 40 ambaye vidole vya mikono yote miwili vinavimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima hana la kupasuliwa. Hiyo inafanana na baridi yabisi, na inatibiwa kwa dawa za kutuliza kinga ya mwili, kwa bingwa wa magonjwa ya ndani. Wengi wanaishia kununua diklofenaki duka la dawa kwa miaka. Viungo vinaendelea kupinda, na figo zinaingia matatani.

Kichwani ndiko kuna msongamano mkubwa zaidi, na huko nataka nikae kidogo. Kuna bingwa wa mfumo wa fahamu, anayetibu kwa dawa: kifafa, kiharusi, kipandauso, mikono inayotetemeka. Kuna bingwa wa upasuaji wa ubongo: ajali ya bodaboda yenye damu ndani ya fuvu, uvimbe, watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, pamoja na jina lake, ndiko wanakofanyiwa wengi wa hao. Kisha kuna bingwa wa afya ya akili: sonona, hofu isiyo na sababu, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ulevi ulioshinda nguvu.

Mabingwa wa mfumo wa fahamu ni wachache sana kwetu. Kwa sababu hiyo, katika hospitali nyingi za wilaya dawa za kifafa hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili. Familia ikielekezwa huko inaona imetukanwa. Mtoto anarudishwa nyumbani, anafichwa, anapelekwa kwa waganga, anaanguka motoni au kisimani. Kifafa si kichaa, wala hakiambukizi kwa mate wala kwa ushuzi wa aliyeanguka, kama inavyosemwa bado vijijini. Mahenge, huko Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu ambao walikuwa wametengwa na ukoo, wanakula peke yao kwenye vibanda, waliacha kuanguka kwa vidonge vya bei nafuu tu. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na haina fahari yoyote, lakini inafanya kazi kwa wengi. Kwa hiyo mlango ukiandikwa afya ya akili, ingia tu. Chukua dawa, zinywewe kila siku bila kuruka, na zisiachwe kwa sababu mgonjwa amekaa miezi mitatu bila kuanguka. Daktari hufikiria kupunguza baada ya miaka kama 2 ya utulivu, tena pole pole. Ikiwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka ameanza ghafla, hapo dai rufaa ya kupigwa picha ya ubongo.

Na wapo wanaokwenda kwa kila bingwa isipokuwa huyo wa akili. Moyo unadunda, kifua kinabana, tumbo linawaka, usingizi hakuna. Moyo umepimwa mara tatu, tumbo limeingizwa kamera, vyote vizima. Daktari akikuambia sasa umwone mtu wa afya ya akili, hajasema unajifanya. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake kiko upande ambao vipimo vile havifiki.

Upande wa akina mama, nitaje jambo moja tu kwa sababu linafichwa. Mwanamke anayevujwa na mkojo au kinyesi bila kujizuia baada ya uchungu wa muda mrefu ana fistula. Hajalogwa, wala hakuzembea. Anayetibu ni mpasuaji aliyefundishwa kazi hiyo, wa uzazi au wa njia ya mkojo, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hawa bila malipo. Ukimfahamu mmoja, mwambie.

Macho: anayepima miwani si daktari wa macho, ingawa ni mtaalamu wa kazi yake na mara nyingi ndiye anayegundua tatizo la kwanza. Mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho na daktari kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, apelekwe wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa anapona. Ngozi: baka lililofifia rangi na lisilohisi ukilishika ni la kupimwa ukoma, na dawa zake ni za bure. KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika mikoa mingi. Huenda hospitali ya mkoa wako ina mmoja ambaye hukumjua.

Kuna madaktari ambao hutawaona, au utawaona ukiwa umelala, na maisha yako yamo mikononi mwao. Mmoja ni mwanapatholojia, anayesoma kile kinyama kilichokatwa. Nimeona watu wakifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa titi, wakashonwa, wakapona kidonda, na hawakurudi kuchukua majibu. Upasuaji bila majibu ya patholojia haujakamilika. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini uliza: nyama imepelekwa maabara gani, kwa namba gani, majibu yatatoka lini, nani atanisomea? Andika namba hiyo kwenye daftari lako. Ukipewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, karatasi hiyo ndiyo utakayoulizwa mwanzo, maana hakuna daktari makini atakayekupa mionzi au dawa za saratani bila kujua ni saratani ya aina gani. Mwingine ni bingwa wa radiolojia, anayesoma picha. Ukipigwa CT au MRI, usiridhike na filamu au diski peke yake, hakikisha unayo na maelezo yaliyoandikwa na kusainiwa, na zitunze picha za zamani kwa sababu mpya husomwa kwa kulinganishwa nazo.

Na wa tatu ni bingwa wa usingizi na ganzi. Watu huuliza sana nani atanipasua, wala hawaulizi nani atanilaza. Akija kukuona kabla ya upasuaji, mweleze ukweli mtupu: dawa unazokunywa pamoja na za kienyeji, pumu, kukoroma kupita kiasi, meno ya bandia, pombe, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi. Akikuambia usile, usile. Chakula kikirudi kutoka tumboni wakati umelala, kinaingia kwenye mapafu.

Yote haya ni ya ugonjwa unaokupa muda. Kuna hali ambazo hazina kliniki wala siku ya bingwa, na hapo mlango ni mmoja, idara ya dharura. Mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki sawa: hicho ni kiharusi, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani, usimlaze nyumbani ukisubiri kliniki ya presha ya Jumanne. Kifua kinabana kama kimewekewa mzigo, maumivu yanapanda taya au mkono wa kushoto, jasho linatoka: usimpe dawa ya vidonda vya tumbo ukasubiri. Kijana anayeumwa korodani ghafla na kwa ukali ana saa kama 6 tu kabla haijafa, na wengi wanapoteza saa hizo kwa aibu ya kumwambia baba. Kijana mwenye selimundu ambaye uume umesimama kwa maumivu na hautulii, vivyo hivyo. Ikipita saa 4 madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Wazazi wa watoto hao wawaambie mapema, kabla halijatokea. Udaktari wa dharura nao ni tawi kamili la ubingwa. Muhimbili walifungua idara yao ya dharura mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza waliofundwa hapa nchini wametoka hapo.

Turudi kwenye rufaa ya kawaida. Barua nzuri ya rufaa inasema daktari anadhani ni nini, amepima nini, amekupa dawa gani na ulizisikiaje. Ikiwa imeandikwa mstari mmoja tu, mwombe kwa adabu aongeze. Si ufidhuli, na wengi wataongeza. Ipige picha kwa simu. Kabla ya kupanda basi, piga simu hospitali unayokwenda uulize kliniki hiyo inakuwa siku gani, kwa maana bingwa wa figo anaweza kuwepo Jumatano tu, na mtu aliyetoka Tunduma akafika Alhamisi atalala mjini wiki nzima kwa gharama. Kama una bima, uliza fomu ya rufaa inasainiwa na nani na inakaa siku ngapi kabla haijaisha nguvu.

Beba dawa zako zote, na vifungashio vyake, ndani ya mfuko mmoja, umwage mezani kwa kila daktari unayemwona. Hili nalisisitiza kwa wazee wenye kliniki tatu au nne. Mtu wa mifupa anaandika diklofenaki kwa ajili ya goti bila kujua kuwa mtu wa presha anahangaika kwa nini presha haishuki. Dawa hiyohiyo ya goti huipandisha. Kila bingwa anaandika vizuri kwa upande wake. Anayepaswa kuyasoma yote kwa pamoja ni daktari wako wa karibu, yule aliyekupa rufaa. Kwa hiyo ukishamaliza kwa bingwa, omba akuandikie barua ya kurudi kwa huyo aliyekutuma, nawe umpelekee.

Uliza pia maswali matatu kabla hujatoka chumbani: ugonjwa wangu unaitwaje, kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu, na dalili gani ikitokea nirudi bila kungoja tarehe. Mwombe mtu uliyefuatana naye aandike majibu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hasikii nusu ya anayoambiwa.

Na ukitilia shaka ubingwa wa mtu, una haki ya kuhakikisha. Kila daktari anatakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni hai: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar wana baraza lao, na Kenya kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Bango la barabarani linaloahidi kutibu figo, tezi dume, kisukari na uzazi kwa dawa moja halikuandikwa na bingwa wa lolote kati ya hayo.

Tawi moja limebaki, nami naona uchungu kwamba familia nyingi hulisikia siku za mwisho tu. Ni tiba shufaa: kazi ya kuondoa maumivu, kichefuchefu, kubanwa pumzi na hofu kwa mgonjwa mwenye saratani, figo au moyo uliochoka, huku matibabu mengine yakiendelea. Haimaanishi madaktari wamekata tamaa. Nchini Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini ya maji ya kunywa inayotengenezwa huko imewafikia wagonjwa mpaka majumbani. Ocean Road nao wana huduma hiyo. Morfini ikitolewa kwa kipimo na daktari haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja, na mzee anayelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa hana sababu ya kulia. Ukimuuguza mtu wa namna hiyo, usingoje kuambiwa. Uliza wodini kama wana timu ya tiba shufaa, na kama hawana, uliza ni hospitali gani ya karibu inayotoa morfini ya kunywa, nani anaruhusiwa kwenda kuichukua, na ni karatasi gani abebe.